Pumzi Kwenye Chumba cha Matangi

Jumatatu, 14 Januari

Chupa zote sawa! Zile za bahari ya leo, na zile nilizopasha joto na kuzijaza hewa ya ukaa, kama bahari yetu itakavyokuwa wajukuu wakizeeka. Vijimea vya baharini, vile vidogo vinavyoelea majini, vimeota vilevile kote. Daktari Brizuela, mkuu wa kituo chetu cha utafiti huku kwenye barafu, kasema nirudie mara moja tu. Nikitoka kapa tena, matangi wanapewa watu wa samaki, nami narudishwa Ushuaia na meli ijayo. Nimekwenda kulia stoo.

Alhamisi, 17 Januari

Mjinga mimi! Tumekaa chumba cha matangi kama kawaida, kibuyu cha yerba, chai yetu ya majani machungu, kinazunguka, mrija mmoja, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Anselmo, fundi umeme, anabishana na watu mambo ya mpira. Macho yangu yakaangukia pampu. Inavuta hewa ya mlemle chumbani, inaipuliza kwenye chupa za bahari ya leo. Pumzi zetu! Kumbe kila siku tunazilisha hewa ya ukaa sisi wenyewe, huku tunapiga soga. Nimewatimua wote, na kibuyu chao.

Ijumaa, 18 Januari

Mpira wa pampu nimeutolea dirishani. Chupa mpya, maji mapya. Kituo kizima kimeninunia. Anselmo kaniuliza kama kesho nitapiga marufuku kupumua. Nikamjibu: mle ndani, ndiyo.

Jumatano, 30 Januari

NIMEWEZA! Chupa za bahari ya leo zimejaa vile vijimea vikubwa vyenye ganda la kioo. Chupa za joto — vikubwa vimekwisha! Vimebaki vidogo tu, vya kutafuta kwa darubini. Nimehesabu, nikarudia, nikampisha Brizuela ahesabu mwenyewe. Halafu kainua kichwa.

"Matangi ni yako, mama. Na msimu ujao pia."

Nimepiga kelele hadi sauti imekauka! Anselmo kaninyanyua juujuu, kanizungusha. Sijawahi kushinda jambo kubwa hivi maishani mwangu. Nje wanachoma nyama kwa heshima yangu.

Yamila tu hakuja kunipongeza. Yeye ni mtu wa uduvi, miaka yote hiyo anawafuata baharini. Nimemkuta kwenye darubini yangu, anatazama chupa ya joto. Nikamwambia twende, nyama imeiva. Hakugeuka.

"Uduvi wangu wanakula vile vikubwa," kasema polepole. "Bahari ikiwa kama humu, watakula nini, shoga?"

Nimevuta kiti, naandika hapa kando yake. Nje wananiita kwa jina, wanapiga makofi, na bado nina furaha, Mungu anisamehe — sijui niinuke au nibaki naye.