Gunia la Sita

Baba,

Nimeketi nyuma ya jiko, pale ulipokuwa ukichomea dhahabu, nikwambie kwamba hukuiba. Wewe ulijua tangu mwanzo. Mimi nimejua jana.

Unakumbuka tulivyofunga chuo kule Rongo nikaja nyumbani na mizani yangu ndogo na kiburi changu kikubwa. Ulitaka kumtengenezea Mama pete ya dhahabu tupu, gramu tatu, kutoka shimo lako mwenyewe hapa Nyatike, kwa sababu mlioana bila pete. Ukaniuliza itahitaji magunia mangapi ya mawe. Tukasaga gunia moja la kujaribia, tukaosha, tukatia zebaki ishike dhahabu, nikapima lile donge jeupe: nusu gramu. Nikasema magunia sita, basi. Ukakuna kichwa. "Nyathina, mwanangu, umepima kabla ya kuchoma ama baada?" Nikakujibu, "Baba, mimi ndiye nasoma kemia." Baadaye nikakusikia ukiwaringia wanawake wanaoosha mawe kwamba msomi wako amepiga hesabu.

Ulichimba matano mengine, yakawa sita pamoja na lile la kujaribia. Ukachoma donge peke yako, hapa, ukatoka na gramu moja na nusu kwenye karatasi. Nami, mbele ya Mama na wale wanawake wote, nikasema, "Nusu ya dhahabu umempelekea mwanamke gani huko mjini Sori?" Yawa, mdomo wangu! Ulimtazama Mama, naye akageuza uso. Ukachukua sururu na magunia sita matupu ukaondoka. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na kila mtu hapa anajua shimo lililolowa haliingiwi.

Matano uliyatoa. La sita ulikuwa ukilijaza kuta zilipoanguka.

Na hata hapo hatukukuonea huruma. Mama alikaa kando ya jeneza macho makavu, akasema labda huyo wa Sori ndiye atakulilia. Nilimshika mkono. Nilijiona mtoto mwema, Baba, wallahi nilijiona hivyo.

Jana nikasaga yale matano, nikaosha, nikapima donge: gramu mbili na nusu. Nikachoma. Zebaki ikaenda na moshi. Nikapima tena, gramu moja na robo. Nikakaa chini kwenye majivu. Nusu ya kila donge ni zebaki, na mimi niliihesabu yote kuwa dhahabu! Gunia moja linatoa robo gramu. Yalihitajika magunia kumi na mawili, sita yale ya kwanza na sita yale uliyoyafuata. Ulikuwa umeshaniuliza swali lenyewe, nikakufunga mdomo.

Kesho asubuhi wanawake watakuwa wanaosha mawe. Nitampeleka Mama palepale, niseme hukuiba, kwa sauti ileile niliyokuita nayo mwizi. Wakinitemea mate, nitasimama. Mama asiponiita mwanawe tena, nitasimama vilevile.

Halafu dhahabu hii, pamoja na ile yako ya kwanza, nitaipeleka kwa sonara afue pete. Itapungua robo gramu, na sitaijaza kwa dhahabu ya mtu mwingine. Mama akiuliza kipande kilichobaki kiko wapi, nitamwambia kiko shimoni, kwenye gunia la sita. Tulikutoa wewe, lenyewe tukaliacha.

Pumzika, Baba. Safari hii nimechoma kwanza, ndipo nikahesabu.

Msomi wako