Jicho Linaloshuka Kila Alasiri

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Asalaam aleykum. Hali yako, hali ya shemeji, hali ya mwanangu Salma? Mguu wa mama mkubwa umepoa? Mie huku Delta mzima, ila jicho. Ndilo lililonikalisha niandike. Simu huku haishiki, na haya sitaki yapite mdomoni mwa mtu.

Ujumbe wako Mzee Omari wa boti kanipa. Kasema umeshaongea na fundi wa kupunga pepo, ngoma Jumamosi, kuku mweupe umempata, nije nifukizwe. Dada, soma barua yote kwanza ndiyo ukasirike.

Jicho lilianza tukiwa tunalinda ndege, mpunga haujaiva. La kushoto. Asubuhi liko wazi kama la mtu yeyote. Jua likipinda, kope la juu linashuka. Ikifika alasiri limefunika nusu ya jicho. Haliumi. Haliwashi. Si chokea, chokea naijua. Linashuka tu. Nikilala likapumzika, kesho limepanda tena.

Zainabu, mwenzangu tunayevuna naye, mwanzo alinicheka. "Wee Asha, unamkonyeza mume wangu? Mchukue, mie nimemchoka!" Shamba zima likacheka, na mie nikacheka. Bi Mwajuma mwenye shamba hakucheka. "Kibarua gani anasinzia na kisu mkononi?" Nikamwambia sisinzii. Akasema, "Mwambie jicho lako, si mimi."

Halafu nikaanza kuona viwili viwili. Nashika shuke la mpunga, kumbe lenyewe liko pembeni. Nikajikata kidole. Siku ile vicheko vikaisha. Zainabu akanivuta kando, akaniuliza polepole, "Eda ulikaa mpaka mwisho?"

Nikainama kufunga kidole changu. Wewe unajua. Mume wangu Hamisi alipofariki nilikaa ndani miezi mitatu, njaa ikanitoa. Niliingia shamba la watu siku hazijatimia. Basi huku wanasema marehemu ananifumba jicho. Najua na wewe unasema hivyo hivyo. Na mie nilisema. Nimemwomba Hamisi msamaha mpaka nimechoka, na kope linashuka vile vile.

Zahanati nilikwenda mara tatu. Huku ndani boti haifiki mpaka bamvua, bahari ikijaa sana, na maji ya bamvua yanajaa alfajiri. Kwa hiyo nafika zahanati asubuhi, jicho limeshapanda. Nesi ananitazama. "Mama, jicho lako zima. Umelala vibaya." Mara ya tatu akasema, "Unatafuta karatasi ya kukwepa kazi?" Nikarudi na aibu yangu.

Mara ya nne boti ikakwama kwenye tope. Tukangoja maji mchana kutwa, jua la utosi. Nikafika zahanati wanataka kufunga, kope liko chini. Nesi yule yule akainuka kitini. "Mama, mbona hukusema?" Dada, nilisema mara tatu! Akaniandikia niende hospitali Kibiti.

Sasa hapa ndipo utakasirika. Nilikwenda, wiki iliyopita. Mtawanya kwenu hapo pua na mdomo, na sikufika kwako. Niliogopa ungenishika usiniachie.

Nilikaa foleni tangu asubuhi, zamu yangu ikafika baada ya adhuhuri. Daktari wa macho ni binti mdogo tu. Akaniambia nitazame juu, kidole chake, nisishushe macho. Nikatazama. Kope likawa linateremka lenyewe, taratibu, kama pazia limekatika kamba. Akamtuma mtu nje akanunue barafu, hizi za pakiti wanazonunua watoto. Akaifunga kwenye kitambaa, akaniwekea juu ya jicho nililofumba, kama dakika mbili. Akaitoa, akanipa kioo.

Dada, jicho lilikuwa wazi.

Nikasema kwa sauti, "Barafu ya ubuyu?"

Akacheka. "Ya ubuyu, ya ukwaju, yote sawa mama."

Nikamwambia yote, mpaka habari ya eda. Hakunicheka hapo. Akasema, "Mama, angekuwa marehemu anakushika, angeachia kwa barafu?" Wewe ungemjibu nini?

Alivyonieleza ni hivi. Kope linainuliwa na msuli. Wangu upo, ila amri ya kuuinua inafika pungufu. Ukitumika unachoka, ukipumzika unapata nguvu, ndiyo maana asubuhi mzima. Kasema kope hushuka kwa mengi. Wengine wamezaliwa nalo. Wengine uzee, msuli umelegea. Wengine kiharusi, wengine wameumia. Kila mmoja na tiba yake, na wapo wanaopasuliwa likainuliwa. Langu anadhani ni la vidonge, ila kwanza nikapimwe Dar, damu na kifua. Kifua kina nini na jicho sijui. Kasema kinahusika.

Halafu akaniuliza, "Chakula kinapita vizuri?"

Nikashtuka. Maana sikumwambia mtu. Huu mwezi ugali unanikwama kooni. Chai inanitokea puani. Jioni nikitafuna, taya linachoka mpaka nalishika kwa mkono. Nilipomwambia, hakucheka tena. Akasema ugonjwa huu ukishuka kooni ukafika kwenye pumzi, unaua. Nikishindwa kumeza au kuhema nisingoje kesho. Tena nisimeze dawa ya malaria wala nyingine yoyote kabla sijamwambia mganga wa hospitali nina shida hii, zipo zinazoizidisha. Akanipa barua ya Dar. Nilirudi huku kufunga mizigo tu na kumuaga Bi Mwajuma.

Hapo juu niliachia jana, herufi zilionekana mbili mbili. Leo asubuhi naendelea.

Dada, dua sikatai. Mwambie Maalimu aliyetusomesha aniombee, na kuku mpikie mama mkubwa. Kosa la eda kama lipo, ni langu mbele ya Mungu, nitatubu mwenyewe. Lakini kufukizwa sitaki. Nifunikwe shuka na moshi ndani, pumzi nitaitoa wapi? Na dawa ya kunywa bakuli zima, mie ambaye maji ya glasi yananipalia? Najua fundi ni mtu mwema, alimponya mtoto wako. Mie sina hakika nitatoka chini ya shuka lile.

Naogopa. Nakwambia wewe tu. Nikitia tonge mdomoni naogopa. Nikilala naogopa. Dar siijui, na nikipaliwa ndani ya basi nani atasema naumwa nini? Daktari kasema niende na ndugu. Ndugu ninaye mmoja wa kumtuma hivyo, ni wewe. Ulinibeba mgongoni nikiwa mdogo, sasa nakuomba ukae na mie kiti cha pembeni tu.

Nisalimie shemeji Saidi, mwambie asinune ukiondoka siku mbili tatu, sufuria anaijua. Mama mkubwa nampa pole ya mguu. Mkwe wangu, mama yake Hamisi, mwamkie, na haya ya marehemu usimfikishie, ataumia bure. Salma nimembusu. Usimwambie nakula kwa tabu.

Jumamosi boti itanishusha Nyamisati asubuhi. Saa nne nitakuwa stendi Kibiti, upande wa mabasi ya Dar. Nitakungoja mpaka basi liwashe. Ukija na nguo zako, tunapanda wote. Ukija na fundi, nitawaamkia, nitapanda peke yangu.

Mdogo wako,
Asha