Mayai ya Siku ya Tisa

Mama,

Mwanao Shabani amekiri jana, mbele ya mama mdogo: mashine ya kuangulia mayai aliichomoa siku uliyolazwa. Alitaka kupiga pasi kanzu ya kuja kukuona. Alipomaliza, hakuurudisha waya.

Mwanzo alidai umeme ulikatika siku ya mazishi. "Kazi ya Mungu, dada." Kwa hiyo tulipoanua tanga niliyatoa mayai uani nikayapasua moja moja. Yalinuka. Ulifariki yakiwa na siku kumi na tano, na kifaranga wa umri huo ameshaota manyoya. Hawa walikuwa uchi. Macho makubwa meusi, mdomo ndiyo kwanza unachomoza, vidole vya miguu vinaanza kuachana. Siku tisa, labda kumi. Ulilazwa siku ya tisa.

Sibahatishi. Ulinifundisha mwenyewe humo stooni kwako Zinga, yai juu ya tochi, nami nikasema ndani kuna uchafu mwekundu.

"Uchafu wewe! Huo moyo. Una siku nne, tazama unavyopiga."

Siku ya saba mishipa imetanda kama utando wa buibui. Ya kumi na nane unaacha kuyageuza, kifaranga anajipanga kutoka. Kabla ya hapo ni kugeuza tu, asubuhi, mchana, jioni: mstari wa penseli upande huu, duara upande ule, ili asigande kwenye ganda.

Hospitalini uliuliza jambo moja kila siku: "Mayai yanageuzwa?" Nikampigia Shabani. "Mwambie yanageuzwa." Nikakwambia. Kazi yangu ni kuthibitisha habari kabla ya kuzisema. Watu wamenifokea miaka mingi kwa kuwauliza mara mbili. Wewe nilikuletea neno la mtu mmoja, tena asiyeyageuza. Ukafumba macho umeridhika.

Shabani anasema ungejua ungekufa na huzuni. Huenda. Lakini kesho yake tu aliikuta mashine imepoa, akanyamaza, akaendelea kuniambia yanageuzwa. Sijamsamehe. Na mimi sijajisamehe.

Jogoo wako alichinjiwa wageni wa msiba. Shabani anasema basi, kuku wa Mama wameishia hapo. Hakuwahi kukusikiliza: mtetea hubaki na mbegu ya jogoo siku kadhaa baada ya jogoo kuondoka. Nimeokota mayai kumi na moja. Leo Ijumaa nimeyaweka kwenye mashine na kuyatia alama kwa penseli yako. Ufunguo wa stoo ninao mimi. Pasi nimeihamishia sebuleni.

Lala salama, Mama. Vifaranga siahidi, huenda mayai hayana kitu. Naahidi kuangalia kwa macho yangu. Ijumaa ijayo ni siku ya saba. Nitafunga dirisha la stoo, nitawasha tochi, na nitakachokiona ndicho nitakachokuja kukwambia kaburini.

Mwanao,
Mwanaidi