Niko Juu Yenu

Jumamosi, 15 Januari 1944

Haddow tena! Ndege za mabomu zinarudi kutoka Ujerumani, na kila rubani akifika lazima aniite redioni nimpe zamu ya kutua. Anayeita kwanza anatua kwanza. Wengine wanabaki kuzunguka gizani juu ya Lincolnshire, hapa Uingereza, huyu juu ya yule, mpaka niwateremshe. Cyril Haddow kaniita mapema kabisa: "Bibie, niko juu yenu." Nikatega sikio dirishani. Kimya! Mwongo mkubwa, alikuwa bado yuko baharini.

Wote wanaiba zamu kidogo, lakini yeye ndiye bingwa. Na kisa chote ni yai la kukaanga wanalopewa marubani wakirudi. Wa kwanza kutua analikuta la moto, limetoka kikaangoni sasa hivi. Mama yangu kule Hull, kwa mgawo huu wa vita, anapata yai moja kwa wiki, tena akibahatika. Mwanamume mzima, medali kifuani, anasema uongo kwa ajili ya yai!

Jumatatu, 17 Januari

Ukungu. Hakuna aliyeruka. Luteni Pobjoy, bosi wangu hapa kwenye mnara wa kuongoza ndege, kashinda akichana masharubu. Huenda vita vitaisha kabla hajamaliza.

Haddow kaniletea yai, kalifunga ndani ya soksi. Soksi safi, anaapa. Eti hongo. Nimelichemsha, nimelila. Lilikuwa tamu, alaaniwe.

Ijumaa, 21 Januari

Leo sina utani. Jana usiku Haddow kaita akiwa mbali, kama kawaida yake, nami kama kawaida yangu nikampa zamu ya kwanza. Rubani mwenzake, Tranter, alikuwa ameshafika kweli, lakini redio yake ilikuwa imeharibika, nasikia mikwaruzo tu. Akazunguka huko juu akimsubiri Haddow. Kumbe ndani alikuwa na mpiga bunduki wake, Ossie, anavuja damu. Asubuhi wamemkata mguu.

Nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha chakula. Haddow yuko na yai lake. Nikamwambia mbele ya wote:

"Kula, kula. Hilo umelinunua kwa mguu wa Ossie."

Akaweka uma chini. Halafu akasema, hata hakuniita bibie:

"Sitakuita tena, Enid, mpaka nizione taa zenu kwa macho yangu."

Kanywea kama kuku aliyenyeshewa. Nilifurahi. Nilifurahi sana, na sasa silali.

Jumamosi, 22 Januari, kabla ya kucha

Naandika hapa hapa mezani, vipokea sauti masikioni. Wote wametua. Kasoro Haddow. Tangu lini Haddow akawa wa mwisho?

Simu imelia. Kuna Mjerumani amezifuata ndege zetu mpaka huku. Uwanja wa jirani uliacha taa zikiwaka, umepigwa. Pobjoy anataka kuzima zetu. Nikamwambia Haddow bado. Kacheka! Eti huyo huwa anaita tangu yuko Uholanzi. Kama hajaita mpaka saa hii, basi hayuko tena wa kuita.

Mjinga mimi! Atazima taa, na yule kaniahidi haiti mpaka azione. Mwongo wangu, leo ndiyo siku aliyochagua kuwa mkweli! Nimemwita mimi. Nimemwita tena. Mikwaruzo tu. Mafuta yake hayawezi kuwa mengi.

Sasa kuna mngurumo nje. Mbali, upande wa bahari. Wake au wa Mjerumani — Mungu ndiye ajuaye. Tuko watu wengi humu mnarani, na wengine kule kwenye mabanda wamelala. Pobjoy kashika swichi. Ananiuliza kwa mara ya mwisho, huyo mtu ameita au hajaita?

"Ameita, bwana," nimesema. "Anasema yuko juu yetu."

Ameondoa mkono. Taa zinawaka. Masikioni mwangu hakuna kitu, mikwaruzo tu, na mngurumo unakuja moja kwa moja kwetu —