Mwalimu Aliyependa Hadithi Zangu

Kasongo, Jumamosi. Mvua ilipiga asubuhi, sasa jua linachoma matope. Roho yangu iko chungu.

Hapa mujini kila mutu anajua mimi ninasema Kingereza. Anajua kwa sababu mimi nilimwambia. Niliwaeleza vile mashine ya mashua ilizimika katikati ya Tanganyika, nikamutuliza mufanyabiashara wa Zambia kwa Kingereza siku tatu nzima. Yule mutu alikuwa anajua Kiswahili kunishinda.

Leo ninaandika ukweli kwa sababu leo umenikuta.

Salima, mutoto wa marehemu dada yangu, nilimulea mimi. Aliolewa Lusaka. Binti yake Neema iko na miaka sita, anasema Kingereza tu, Kiswahili hajui hata neno. Kwetu mujukuu mwanamuke ni "muke" wa babu: babu anamudai chakula, yeye anamujibu babu hana meno. Mimi huyu muke wangu sijamutania hata siku moja. Salima aliahidi kutupigia simu ya video leo.

Basi niliuza mbuzi, nikatafuta mwalimu wa Kingereza kwa simu. Pesa ya mbuzi mumoja: masomo pamoja na mega za intaneti, hakuna kingine.

Walimu wawili walinipa somo la kujaribu, bure. Wa kwanza, mama mumoja wa Arusha, bei yake ya chini. Aliniuliza, "Baba, unataka kumwambia nani, na nini?" Nikamueleza habari ya mashua. Akasema, "Hiyo tutaifikia ukishajua kuomba maji." Akanirudishisha salamu za Kingereza mara kumi.

Mimi? Nilimukatia simu.

Wa pili, kijana wa Nairobi, bei ya juu. Aliniita Profesa. Habari ya mashua ilimuchekesha mpaka akapangusa machozi. Nikamuchagua huyo. Masomo sita nilimueleza mashua, mamba, na chui niliyemufukuza na baiskeli kule Lusangi. Yote kwa Kiswahili. Yeye: "Endelea, Profesa."

Niliendelea.

Leo simu ikalia. Majirani wote wameketi, nimewaita mimi mwenyewe waje kusikia. Neema akatokea, anacheka, meno mawili ya mbele hayapo.

Utani ule wote ulikuwa pale, ndani ya mudomo wake. Nilifungua wangu, hakuna kilichotoka.

"Rezo ya simu haishiki," nikasema.

Muke wangu, yule wa ndoa, hakuniachilia. "Rezo iko muzuri, Baba Riziki. Mutoto anakungojea."

Mutoto alingoja kweli. Kisha akamugeukia mama yake, akauliza kitu. Salima akatueleza polepole: "Anauliza kama babu ni mugonjwa."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Namba ya mama wa Arusha bado iko ndani ya simu. Mbuzi hayuko tena, lakini baiskeli iko, na chui hatarudi kwa sababu hakukuwa na chui. Nitaiuza. Nikimuandikia yule mama kwamba sasa ninajua ninataka kumwambia nani, na nini, atanipokea?

Ninataka sentensi moja tu: muke wangu, nani amekula meno yako?