Eda ya Nyumba ya Kona

Ijumaa, 3 Mei 1991

Ilyasi,

Wamepita tena na kamba za kupimia. Watu watatu, buti safi. Wamepigilia kigingi barazani, pale ulipokuwa unaweka cherehani. Hoteli ya gorofa kumi na nne! Hapa Biryogo, ambapo mtaa mzima unaazimana ngazi moja. Nyumba arobaini zitabomolewa. Yetu ya kwanza – iko kona, na katapila haina njia nyingine.

Imamu amewaambia mjane hatolewi nyumbani kwa mumewe kabla eda haijaisha. Miezi minne na siku kumi. Vibarua ni watoto wa hapahapa. Wameweka sururu chini. Konseye Munyakazi, mkuu wa mtaa wetu, amesema sawa, tutangoja.

Kwa hiyo mimi nimekaa, na hoteli imekaa.

Jumamosi, 11 Mei

Mkutano, uani kwa Béatha muuza mkaa. Siwezi kutoka, lakini ukuta wetu ni mmoja, nasikia kila kitu.

Konseye alisema watalii watakuja. Niyonzima mwashi akauliza, na vita vya kaskazini? Konseye: watalii wanakuja na ndege. Béatha akauliza umeme ukikatika, mtalii wa juu atafikaje chumbani.

"Iko ngazi, mama."

"Basi mpeni na gunia langu la mkaa apande nalo."

Walicheka sana. Konseye hakucheka. Aliandika.

Barua ya kupinga imepata sahihi mia moja na sita. Inakwenda kwa prefe, mkuu wa mkoa.

Jumanne, 14 Mei

Béatha ameleta viazi. Anahesabu eda yangu kuliko mimi – anachora mistari ya mkaa ukutani kwake. Mkatoliki! Aliuliza kama siku zinaweza kuongezwa kidogo. Nikasema hapana. Akauliza kama hatuna askofu wa kumwomba.

Nimeokota mkasi wako chini ya kitanda. Bado una uzi wa bluu.

Alhamisi, 16 Mei

Prefe amesafiri. Atarudi Ijumaa ya wiki ijayo, na hakuna mwingine wa kuamua juu ya barua. Eda inaisha Jumapili hii. Katapila inakuja Jumatatu.

Niyonzima alikuja jioni, kofia mkononi, Béatha nyuma yake.

"Mama Kaze, tukisema Ilyasi alifariki wiki moja baadaye?"

Nikamwambia walikuzika watu mia mbili.

"Nimewauliza. Wote wamesahau siku."

Béatha akasema yeye ataapa kwa Bikira Maria. Konseye hakuwepo msibani, alikuwa Butare. Atakachoandika ni neno langu tu.

Nimewaambia nitafikiri. Wewe ulikwenda kwa miguu mpaka Nyabugogo kumrudishia mtu kifungo kimoja. Ulirudi umelowa, ukasema njia ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 17 Mei

Sijalala vizuri. Nyumba arobaini. Kwa Béatha kuna watoto sita.

Jumapili, 19 Mei

Maji ya kuoga ya kutoka eda yamepoa. Binti yetu Kaze anauliza ayapashe tena. Nimemwambia angoje.

Konseye amefika saa tatu, na daftari. Amekaa mbele, kwenye kiti chako – hakujua. Kwa adabu kabisa:

"Pole, Mama Kaze. Niko na swali moja tu. Mzee alifariki tarehe ngapi?"

Mtaani redio zote zimezimwa, na leo ni siku ya mpira. Béatha amesimama mlangoni kwake na ungo mtupu, anapepeta.

Nimemwambia konseye anisubiri, naingia ndani kutafuta mtandio.

Mtandio uko kichwani.

Sasa anakohoa. Nasikia kalamu inagonga daftari. Kaze amempa chai.

Ilyasi, ukiulizwa huko juu yangu, sema nilikuwa mkweli miaka yote kumi na tisa ya ndoa yetu. Nikumbuke hivyo.