Karatasi Zilizobaki Mfukoni

Mwanangu Solène,

Sisi wazima. Baba yako bado anaamka saa kumi alfajiri, utadhani kiwanda cha majiko hakijahamishiwa Poland.

Jumapili tulipiga kura. Si unajua, unaingia kibandani na karatasi za vyama vyote, moja unaitia kwenye bahasha, nyingine unaondoka nazo. Jana nikitaka kufua koti la baba yako nikazikuta mfukoni. Zote zilikuwepo, isipokuwa ya wale wanaotaka watu kama mumeo Tarek warudishwe kwao.

"Mzee, ndiyo nini hii?"

"Kiwanda kilipofungwa, hao tu ndio waliokuja getini kutushika mkono. Hao wa chama chako wewe walikuwa wapi?"

Sasa hivi yuko uani, anaipaka rangi baiskeli ya mwanenu Naïm, na anauliza mtakuja lini.

Nimjibu nini?

Mama yako,
Odile